Kuhama, Kuhamia na Kuhamishwa

Hama ni kitenzi kifupi, lakini kila kiambishi tunachokipachika mwishoni mwake hugeuza habari nzima. Anayehama anaacha mahali. Anayehamia ana mahali anapopaendea. Anayehamishwa hana kauli: yupo mtu mwingine aliyeamua, naye anabebwa pamoja na virago vyake. Na anayehamahama hana makazi. Wapenzi wa lugha mnaosoma ukurasa huu mnayajua haya tangu darasa la mnyambuliko wa vitenzi. Nami niliyajua, ila hayakuwahi kunifaa katika jambo la nyumbani mpaka mwaka jana, mwanangu wa kiume alipoitwa na klabu nyingine ya mpira.

Alianza kucheza katika timu ya mtaani kwetu, Temeke, akiwa na miaka minane, kwenye kiwanja cha shule ya msingi ambacho hakina unyasi hata mmoja. Mwalimu wao ni fundi wa kuchomea mageti. Akifunga karakana saa kumi jioni, hubeba mfuko wenye mipira mitano na kuja kufundisha watoto zaidi ya thelathini. Halipwi. Sisi wazazi huchangia maji ya kunywa, na mpira ukipasuka huchanga tena. Hapo ndipo mwanangu alipojifunza kumiliki mpira kwa miguu yote miwili, kutoa pasi bila kutazama chini, na kuwaamkia watu wazima kabla ya kuvaa njumu. Alipofika darasa la sita alikuwa kiungo ambaye timu nzima inamtafuta kila mpira unaponaswa.

Ndipo klabu moja ya upande wa pili wa jiji ilipomwona katika mashindano ya watoto, ikamtaka. Klabu hiyo ina uwanja wa nyasi, makocha wenye leseni, jezi za nyumbani na za ugenini, na ada ya kila mwezi. Simu ilipigwa jioni, na asubuhi yake mtaa mzima ulikuwa na habari. Kila aliyekuja alikuja na methali yake.

“Samaki mkunje angali mbichi,” alisema jirani mmoja, akimaanisha nimpeleke upesi. Mwingine akaongeza kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Shangazi yake mtoto alikuwa upande wa pili: “Fimbo ya mbali haiui nyoka.” Kwake yeye, klabu iliyo mwendo wa daladala mbili haiwezi kumlea mtoto kama ile iliyo nyuma ya nyumba. Na babu yake, ambaye hajapata kutazama mpira kwa dakika tisini mfululizo, alitamka tu kwamba haraka haraka haina baraka, akarudi kwenye kahawa yake.

Methali zote nne ni za kweli, na zote nne hazikunisaidia. Aghalabu mtu huamua kwanza, kisha huenda ghalani kuchagua methali ya kuutetea uamuzi wake. Mimi sikuwa nimeamua. Hivyo nikaziweka methali kando, nikakirudia kile kitenzi, na kila umbo lake nikalifanya swali.

Swali la kwanza lilikuwa la kuhama: je, kuna kitu hapa anachokikimbia? Yapo mambo ambayo yakimpata mtoto klabuni hayangoji mwisho wa msimu wala kikao cha wazazi. Mtoto akipigwa, akitukanwa, akiguswa isivyostahili, au akilazimishwa kucheza na jeraha, huondolewa siku hiyo hiyo, hata kama hakuna klabu nyingine ya kumpokea. Hapo kuhama kunatosha, kuhamia kutajulikana baadaye. Lakini yapo mengine yanayofanana na sababu ilhali ni hasira tu: kuanzia benchi mechi moja, kubadilishwa kutoka kiungo kuwa beki, au kugombana na mwenzake juu ya penalti. Kwetu nyumbani tulijiwekea kanuni ndogo kwamba jambo lililotuudhi Jumamosi hatulitolei uamuzi kabla ya Jumatano. Mengi hayafiki Jumatano.

Nilitazama, sikuona kitu ambacho mwanangu alikuwa anakikimbia. Mwalimu alimpenda, naye alimpenda mwalimu. Katika mechi nane za mwisho alicheza zote, mwanzo hadi mwisho.

Lakini benchi nalo linahitaji kusomwa vizuri, kwa sababu ndilo linalohamisha watoto wengi. Mwaka 1985, mtafiti Roger Barnsley na wenzake walichapisha walichokiona katika mpira wa magongo wa barafuni huko Kanada: wachezaji wa ngazi za juu waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi, na waliozaliwa miezi ya mwisho walikuwa wachache. Sababu ni kalenda. Makundi ya umri hukatwa tarehe 1 Januari, basi mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba huhesabiwa rika moja ilhali mmoja amemzidi mwenziwe karibu mwaka mzima wa kukua. Kocha humchagua aliye mrefu na mwenye mbio, akidhani amechagua kipaji. Hali hiyo hiyo imeonekana baadaye katika soka la vijana la nchi nyingi.

Mwanangu ni wa Novemba. Mtaani jambo hilo halikuonekana, maana watoto ni mchanganyiko na hakuna anayeuliza cheti cha kuzaliwa. Katika klabu kubwa, ambako makundi hupangwa kwa mwaka, angekuwa miongoni mwa wadogo kuliko wote. Nilijua kwamba akienda kule atakaa benchi, na nilitaka kujua mapema benchi hilo litakuwa na maana gani. Kuna benchi la kungoja kukua na kuna benchi la kusahauliwa, nayo kwa nje yanafanana.

Swali la pili lilikuwa la kuhamia: kule kuna nini? Nilimwomba kocha wa klabu ile anieleze mambo matatu. Kikosi kimoja kina watoto wangapi? Dakika za kucheza zinagawanywaje? Na la tatu, ambalo ndilo nililolitilia maanani zaidi: ifikapo Desemba, mwanangu ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi?

La tatu ndilo linalotenganisha klabu na klabu. Kocha asiye na jibu hutaja vikombe, au humtaja mchezaji mmoja aliyepitia kwake miaka kumi iliyopita. Huyu alifikiri kidogo, akasema: “Mwanao anapokea mpira akiwa ameupa mgongo uwanja. Mtaani kwenu hakuna anayemwadhibu kwa hilo. Hapa ataadhibiwa kila siku mpaka ajifunze kugeuza mwili kabla mpira haujamfikia.” Kisha akaongeza kwamba miezi sita ya mwanzo huenda asicheze zaidi ya nusu ya mechi. Nilimwamini zaidi kwa neno hilo la mwisho kuliko kwa uwanja wake wa nyasi.

Swali la tatu ndilo gumu, nalo ni la kuhamishwa. Nani anahama? Katika kauli ya kutendwa, mtenda hujificha. Tunasema “mtoto amehamishwa,” na hakuna anayeuliza ni nani aliyemhamisha. Mara nyingi ni mzazi aliyekuwa na ndoto yake mwenyewe uwanjani, au aliyechoka kusikia mtoto wa jirani amevaa jezi ya klabu fulani. Kiswahili kimeiweka hatari hii katika kitenzi kingine pia. Kuchezea timu ni kuitumikia uwanjani. Kuchezea kitu ni kukifanyia mzaha mpaka kiharibike. Mtoto anaweza kuwa anaichezea klabu, huku sisi wakubwa tunamchezea yeye, na neno ni lile lile moja.

Basi nilimuuliza mwenyewe, si mara moja. Mara ya kwanza alinijibu, “Baba, kule kuna nyasi.” Jibu zuri kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, lakini nyasi si sababu ya kuvuka jiji. Sikumpinga, wala sikumpa jibu ambalo angelikariri ili anifurahishe. Tuliomba ruhusa kwa mwalimu wa mtaani, naye akakubali mtoto aende kujaribiwa kwa wiki mbili huku akiendelea na timu yake.

Katika wiki hizo mbili klabu ile ilicheza mechi mbili za mazoezi. Mwanangu alicheza dakika ishirini katika ya kwanza na kumi na tano katika ya pili. Alipokonywa mpira mara nyingi kuliko nilivyopata kumwona akipokonywa mwaka mzima. Tukiwa kwenye daladala kurudi nyumbani nilimuuliza tena kama bado anataka kwenda. Alinyamaza mpaka tukapita vituo vitatu. Kisha akasema: “Nyumbani nikipoteza mpira, wenzangu wananiangalia, wananingoja niuchukue tena. Kule hawaningoji. Nikipoteza, wameshafunga.” Nikamuuliza, “Na wewe unapenda wapi?” Akajibu, “Napenda nyumbani. Lakini nataka kule.”

Nimekaa na vitenzi kwa miaka mingi, na sijui kama nimewahi kusikia kupenda na kutaka vikitenganishwa vizuri namna hiyo. Hapo nikajua kwamba kitenzi kimebadilika: hakuna anayemhamisha, na hakuna anachokihama kwa chuki. Anahamia.

Tulikuwa bado na hesabu ya kufanya, na aliyeifanya ni mama yake. Daladala ya kwanza hadi Mwenge, ya pili kuelekea Tegeta, na foleni ya jioni: saa moja na nusu kwenda, na zaidi ya hapo kurudi siku za mvua. Mazoezi matatu kwa wiki ni takriban saa tisa za barabarani, na mwaka unaofuata ni wa mtihani wa darasa la saba. Mama yake aliziandika saa hizo kwenye karatasi, akaiweka mezani mbele ya wote wawili, baba na mwana, akasema: “Mpira sijaukataa. Nataka kuona saa hizi zinatoka wapi.” Hazikutoka kwenye usingizi wala kwenye vitabu, maana hakuruhusu. Tulirudi kwa klabu tukaomba mazoezi mawili badala ya matatu, Jumatano na Jumamosi, mpaka mtihani upite. Walikubali. Wangekataa, tungebaki, na ningeandika makala nyingine.

Nigusie pia jambo la Ulaya, maana hakuna mazungumzo ya klabu za watoto Dar es Salaam yasiyofika huko. Kila mzazi humtaja Mbwana Samatta, na ni haki yake kumtaja: mtoto wa jiji hili aliyezaliwa mwaka 1992, na ambaye tarehe 1 Machi 2020 alifunga bao katika uwanja wa Wembley akiwa na Aston Villa katika fainali ya Kombe la Ligi. Lakini itazameni njia yake. African Lyon, kisha Simba, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, kisha Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, ndipo Uingereza. Alipovuka mpaka kwenda Kongo alikuwa na miaka 18. Kila ngazi aliikanyaga kabla ya kuinua mguu kwenda inayofuata.

Na hiyo miaka 18 ina uzito wa kanuni. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama vile wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na mpira. Katazo hilo liliwekwa kwa sababu watoto walikuwa wakipelekwa ng'ambo kwa ahadi, kisha wakitelekezwa. Kwa hiyo mtu anayemwahidi mtoto wa miaka 12 majaribio ya Ulaya, na kudai fedha za pasipoti na tiketi, hana klabu ya kumpeleka kihalali. Klabu nzuri ya watoto huzungumza habari za msimu ujao.

Kanuni hizo hizo zina jambo jingine ambalo wazazi wachache wanalijua. Mchezaji akija kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, klabu zilizomfundisha zinaweza kustahili fidia ya mafunzo, na hesabu yake huanzia mwaka anaotimiza miaka 12. Baadaye akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya malipo hutengwa na kugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Ndiyo maana mtoto anapohama ni vema iandikwe: alikuwa wapi, kuanzia lini hadi lini, na timu hiyo imesajiliwa au la. Watoto wengi hawatafika huko, na wangu huenda asifike. Hata hivyo, karatasi ile ni haki ya mwalimu wa mtaani, na kuiandaa ni sehemu ya kuondoka kiungwana. Tuliiandika nakala mbili, moja akabaki nayo yeye.

Hapo nafika kwenye kitenzi cha mwisho, nacho ni kuagana. Kuaga hufanywa na mmoja. Kuagana hakuna budi kufanywa na wawili. Watoto wengi huhama kimyakimya: leo yupo, kesho hayupo, keshokutwa anaonekana na jezi nyingine, na mwalimu anapata habari kwa watu. Tulikubaliana kwamba mwanangu atamaliza mashindano ya mtaa kwanza, hata kama klabu mpya ilimtaka mapema. Mechi ya mwisho ilipokwisha, alikwenda mwenyewe kwa mwalimu. Mimi nilisimama mbali kidogo, lakini si mbali kiasi cha kutosikia.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.”

“Mwalimu, Januari naenda kule.”

Mwalimu alikuwa akihesabu mipira. Alimaliza kuhesabu, akafunga mfuko. “Nilijua,” akasema. “Nilichokuwa nacho nimekupa. Kilichobaki sina. Ukiona kule hawakufundishi, usikae kwa sababu ya nyasi.” Kisha akanigeukia mimi: “Na wewe mzee, usiache kuja. Mipira bado inapasuka.” Nimeendelea kuchangia, na nitaendelea.

Aliyekuwa mgumu ni rafiki yake, beki wa kushoto wanayekaa mtaa mmoja, ambaye hakuitwa. Kwa wiki mbili hakuzungumza naye. Sikuingilia, maana huzuni ile ilikuwa ya haki. Katika kila kuhama yupo anayebaki, na lugha haijamtungia kauli yake ndani ya kitenzi hama. Yeye huambiwa tu “ameachwa,” kutoka kitenzi kingine kabisa.

Usiku wa siku ile ya kuagana niliandika beti mbili, ambazo nawawekea hapa wenzangu wa fani mzipime mizani:

Mwana akitaka hama, muulize aendako,
Si nyasi za kutazama, wala jezi za wenzako,
Ni elimu ya kusoma, isopatikana kwako,
Akijibu kwa hekima, mpe baraka aende.

Na akenda asifiche, asitoroke gizani,
Wenzi wake asiwache, pasi neno la moyoni,
Kiwanja asikikache, kilomlea vumbini,
Siku moja na kukiche, arejee wampende.

Huu ni mwezi wa tano tangu ahamie. Hachezi zaidi ya nusu ya mechi, kama tulivyoambiwa, na zipo Jumamosi ambazo hurudi bila kusema neno mpaka aoge. Juzi nilimwona kwa mara ya kwanza akitupa jicho nyuma ya bega lake kabla ya kupokea pasi, akageuka na mpira, akampita mtu aliyekuwa mgongoni. Ilikuwa ni katikati ya uwanja, haikuzaa bao, na hakuna aliyepiga makofi. Jumapili, ambayo klabu haina mazoezi, yuko kwenye kile kiwanja cha vumbi akicheza chandimu, na beki wa kushoto ndiye anayemkaba.